Wembe wa Mtani
Sehemu ya Saba: Mtani Haombi Radhi

Mlimwacha Mbeyu sokoni Likoni, enyi wasomaji, akimpimia mteja viazi, huku jirani yake Nafula akija mbio baina ya meza za wachuuzi, suti ya mwanamume ikimning'inia mkononi.

Suti hiyo ilikuwa ya Gershom. Ndiyo aliyofungia ndoa.

"Umeitoa wapi?" Mbeyu aliuliza.

"Amenipa mwenyewe, Mama Sidi. Amekuja hadi mlangoni kwangu akaniwekea mikononi. Akaniambia, 'Mpe mumeo, mimi sitaihitaji tena.'"

"Amekwambia? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mteja alinyoosha mfuko ajaziwe viazi vyake. Mbeyu hakumwona. Kwa majuma mengi alikuwa akiomba jambo moja tu, kanisani na jikoni: mumewe aseme neno. Neno lolote, hata likiwa tusi. Sasa neno limekuja, nalo limeupita mlango wake likaenda kubisha kwa jirani.

"Mwanzo nilifurahi," Nafula alisema huku akihema. "Nikasema, Mungu ni mwema, Baba Sidi amepata sauti. Halafu nikaiangalia suti. Nikajiuliza, mtu mzima anagawa nguo ya harusi yake ili avae nini?"

Mbeyu aliivua aproni yake, akamtupia mchuuzi wa meza ya pili.

"Niangalizie mali yangu, dada!"

"Unakwenda wapi?" Nafula aliuliza.

Mbeyu alikuwa amekwisha kukimbia.

Aliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza na ajue haya machache. Gershom na mdogo wake Matthew walikuwa vibarua katika bohari moja ya makontena huko Changamwe. Siku moja waya wa winchi ulikatika, na Matthew alikuwa chini yake. Akazikwa kwao Rabai. Matanga yalipokuwa yakiondolewa, Gershom alinyamaza ghafla, wala hakusema tena. Akipewa chakula, alikula. Akitandikiwa, alilala. Kofia aliivaa mchana na usiku, na kazini hakukanyaga.

Mbeyu alimtibu kwa dawa aliyoijua. Aliiondoa picha ya Matthew ukutani. Alimpeleka binti yao Sidi kwa bibi yake. Kila mgeni aliyeingia alionywa pale pale mlangoni: "Humu ndani jina lile lisitajwe." Aliamini kwamba kidonda kisichoguswa hupona chenyewe.

Basi alipofika nyumbani Mtongwe, Nafula akimfuata nyuma, akaukuta mlango u wazi, alitambua jinsi alivyokuwa amekosea.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kikombe cha chai ya asubuhi kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa. Simu ya Gershom ilikuwa juu ya meza, imezimwa.

"Ametandika kitanda," Mbeyu alinong'ona. "Nafula, mwanamume huyu hajatandika kitanda tangu anioe."

"Na ile ni nini pale juu ya mto?"

Ilikuwa kofia. Kofia ile ile aliyokuwa akilala nayo, aliyokuwa akioga nayo, na ambayo Mbeyu alijaribu kuivua siku moja, Gershom akamshika mkono kwa nguvu hata akamwachia alama.

Nafula aliigeuzageuza kofia, akitafuta neno la kumtuliza mwenziwe.

"Pengine amekwenda kunyolewa," alisema.

Alilisema kwa kukosa la kusema. Lakini Mbeyu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Tinga!" alisema. "Tinga atajua!"

Tinga alikuwa kinyozi wa Likoni. Kabla ya kuwa kinyozi, alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo wa Gershom walitaniana tangu enzi za mababu; Injili ilifika Rabai ikaukuta utani huo, ikauacha kama ulivyo. Mkifiwa, mtani ndiye huwachimbia kaburi. Mtani ndiye humwigiza marehemu, sauti yake na mwendo wake, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Na siku ya kuondoa matanga, mtani ndiye huwanyoa vichwa wafiwa, mmoja baada ya mwingine, akiwatukana apendavyo. Hakuna mwenye haki ya kumkasirikia.

Walimkuta amemlaza mteja kitini, wembe ukipita shavuni.

"Haa! Mke wangu huyo!" Tinga alipaza sauti. "Umemwacha yule bubu wako? Nilijua tu. Ingia ndani, kitanda nimeshakununulia."

"Tinga, leo sina meno ya kucheka."

"Basi nikuazime yangu."

"Gershom ametoweka. Amegawa suti yake ya harusi, amesema hataihitaji tena."

Wembe ulisimama.

"Hakuja hapa?" Mbeyu aliuliza.

"Hapa? Hajakanyaga hapa tangu matangani. Ndipo aliponiachia kichwa nusu."

"Hiyo nusu ilibakije? Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Niliambiwa tu kwamba aliinuka katikati ya kunyolewa."

Tinga aliufuta wembe polepole, ingawa ulikuwa safi.

"Aliinuka kwa utani wangu."

"Ulimwambia nini?"

"Utani wa kawaida, Mbeyu. Utani wa matangani."

"Nakuuliza ulimwambia nini!"

"Nilimwambia, 'Kaa vizuri, muuaji wee! Umemtuma mdogo wako kifoni ili ubaki ukila fungu la wawili.' Watu wakaangua kicheko. Hata mama mkweo alicheka. Yeye akainuka, sabuni ikimtiririka sikioni, akaenda zake. Nikasema moyoni, uchungu umemzidi, utampungua."

Mbeyu alimkaribia.

"Tinga," alisema, "zamu ile ilikuwa ya Gershom."

"Zamu gani?"

"Ya siku ile ya winchi. Mimi niliamka na homa kali, nikamsihi asiniache. Matthew ndiye aliyemshikia zamu."

Kinyozi aliketi kwenye benchi la wateja, taratibu, kama mzee. Mteja aliyekuwa kitini aliwatazama wote, akainuka na povu lake shavuni, akatoka nje bila kuaga.

"Kwa hiyo nilimwambia kweli," Tinga alisema. "Mbele ya watu wote. Na watu wakacheka."

"Hukujua."

"Yeye alijua. Alikaa chini ya wembe wangu akinisikia nikiitangaza siri yake kwa sauti ya juu."

"Basi simama. Twende tumtafute, ukamwombe radhi."

Tinga alitikisa kichwa. "Mtani haombi radhi, Mbeyu."

"Desturi gani hiyo, na mtu anakufa?"

"Nisikilize kwanza. Neno la mtani halina uzito. Ndiyo maana haliombewi radhi. Siku nitakapoliombea, nitakuwa nimelitia uzito kwa mkono wangu. Nitakuwa nimemwambia, siku ile sikutania, nilikushitaki."

"Hayo ni maneno ya wazee. Gershom ni mtu wa kanisa. Anachohitaji ni kusikia 'nisamehe', basi."

"Si hivyo, mwanamke. Nakusihi."

"Basi kaa hapa na wembe wako!" Mbeyu alilia. "Na usiitwe tena mtani nyumbani kwetu. Akizikwa Gershom, usije. Nikizikwa mimi, usinichimbie kaburi. Nitachimbiwa na mgeni!"

Hakuna laana iliyo nzito kuliko hiyo kwa mtani. Tinga aliutia wembe katika mfuko wa aproni yake, akasimama.

Nje, Nafula alikuwa ameshafanya kazi ya askari kumi. Alikuwa amemwuliza mwuza mahamri, na fundi viatu, na kila aliyekuwa amekaa kando ya barabara.

"Ameonekana!" alisema. "Mwuza mahamri amemwona. Anasema, yule mwanamume ambaye upande mmoja wa kichwa nywele zimesimama na upande mwingine zimelala? Kapita hapa bila kofia, watu wakimcheka. Ameshika njia ya Shelly."

Shelly Beach. Tinga na Mbeyu walitazamana. Baba yake Gershom aliwahi kuwa mpishi katika hoteli moja huko ufuoni, na ni huko ambako Gershom alimfundisha mdogo wake kuogelea, akimshika tumbo.

"Nafula, kaa hapa na suti," Mbeyu alisema. "Akirudi kwa njia nyingine, mshike. Mng'ang'anie hata kwa meno."

"Nendeni. Nitamkalia."

Waliingia katika tuktuk. Dereva alitaka kuulizia nauli. Alipouona uso wa Mbeyu akaamua kuendesha.

Maji yalikuwa yakijaa. Zilikuwa siku za bamvua, na bahari ilikuwa imekwisha kuumeza mchanga, sasa ikiipigapiga miamba. Mwisho kabisa wa miamba hiyo, mahali ambapo wavuvi hawasimami wakati maji yanajaa, alikuwapo mwanamume mmoja wa shati jeupe. Alikuwa amewapa mgongo.

"Gershom!" Mbeyu aliita.

Hakugeuka.

"Baba Sidi!"

Upepo uliichukua sauti yake, ukaitupa nyuma yake. Alianza kuruka jiwe hadi jiwe, kanga yake ikilowa. Tinga alimpita. Alikuwa mwepesi kuliko umbo lake, na alipofika karibu alisimama, akafumbata mikono yake kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Gershom, ndugu yangu," alisema.

Tangu azaliwe Tinga hakuwahi kumwita Gershom ndugu. Alimwita mbuzi, alimwita mjane, alimwita mke wa fisi. Ndugu, hata siku moja.

"Ndugu yangu, lile neno la matangani. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Gershom aligeuka.

Ee Mungu, ameitika! Mbeyu aliinua mikono kushukuru. Kisha akauona uso wa mumewe, mikono ikamrudi chini yenyewe.

"Unaniomba radhi?" Gershom aliuliza. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. "Wewe? Mtani?"

"Naomba, ndugu yangu."

"Mtani anaomba radhi." Gershom aliyarudia maneno hayo polepole, kama mwanafunzi asomaye hukumu yake mwenyewe ubaoni. "Kwa hiyo haukuwa utani. Nilijidanganya nikisema labda ulikuwa utani tu, labda hakuna ajuaye. Kumbe hata wewe wajua kwamba nilimwua."

"Gershom, sivyo..."

"Umejibu, Tinga. Ahsante kwa kunijibu."

Akarudi nyuma hatua moja. Wimbi lilimpiga magotini, akayumba.

Tinga alimgeukia Mbeyu. Alikwisha kumwambia, kule dukani, naye akamjibu kwa laana.

Sasa Mbeyu hakuwa na dawa tena. Sala zote alizozikariri zilikuwa zimemtoroka. Palibaki neno moja tu kinywani mwake, lile alilowakataza watu wote kulitamka, na kwa sababu halikuwapo jingine, alilitoa kwa sauti yake yote.

"Matthew!"

Gershom alisimama pale pale.

"Matthew alikuwa ameshavaa viatu!"

"Wasema nini?"

"Ulipompigia simu kumwomba zamu, alikuwa ameshavaa viatu vya kazi! Mimi nilikutangulia kumpigia. Nilijificha bafuni na homa yangu. Nikamwambia, 'Shemeji, mshikie kaka yako zamu leo. Yeye ana kiburi, hatakuomba.' Akanicheka. Akasema, 'Shemeji, wewe omba jingine, hilo limekwisha. Hata viatu nimevaa.'"

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe, Mbeyu?"

"Mimi! Sikwambii ili nikupoze. Nimekaa nalo tumboni tangu siku ile. Ile picha sikuiondoa ukutani kwa ajili yako, Gershom. Nilisema ni kwa ajili yako. Niliiondoa kwa sababu ilikuwa ikinitazama mimi."

Maji yaliingia kati yao yakatoka. Hakuna aliyetikisika.

"Mbona hukuniambia?" Gershom aliuliza.

"Wewe mbona hukuniambia?"

Gershom alijipangusa uso.

"Tumelala kitanda kimoja," Mbeyu alisema, sasa akilia waziwazi, "kila mtu amemficha mwenziwe maiti ile ile. Kama ni kosa, basi tulikosa wawili. Huna ruhusa ya kwenda zako ukaniachia mzigo wa wawili. Nipe upande wangu, nawe ushike wako. Shuka hapo."

Gershom alitazama maji, akamtazama mkewe, akayatazama maji tena. Hapo ndipo Tinga alipofanya jambo ambalo mtu wa pwani nyingine angelihesabu kuwa ni wazimu.

Alicheka.

"Nimeifuta!" alipaza sauti. "Radhi yangu nairudisha mfukoni, sikuomba kitu! Sikia, Gershom mbuzi wee. Umekaa majuma yote haya ukijisifu kimoyomoyo eti wewe ni muuaji, kumbe hata kuua umetanguliwa na mkeo! Mwanamume gani wewe? Ulichelewa kuoa, ulichelewa kunyolewa, hata kwenye dhambi umefika wa pili!"

Mbeyu alitaka kumrukia kinyozi yule, amtumbukize baharini kwa mikono yake.

Lakini sauti fulani ilitoka kifuani mwa Gershom. Mwanzo ilifanana na kikohozi. Kisha ilifanana na kicheko. Ilipovunjika katikati, kilikuwa kilio, kilio kikubwa cha matangani ambacho hakupata kukilia matangani. Akaketi juu ya mwamba, maji yakimfika kifuani.

"Na shuka upesi!" Tinga alimtukana huku yeye mwenyewe machozi yakimchuruzika. "Nusu ya kichwa changu inaingia chumvi!"

Walimshika huku na huku. Walipofika nchi kavu, Mbeyu alivua kanga yake ya juu, akamfunga mumewe kiunoni kwa pembe moja, ile nyingine akaishika mwenyewe.

"Umemnunua kwa kiasi gani mbuzi huyo?" Tinga aliuliza. "Maana hata pembe hana."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyemnyamazisha.

Nafula alikuwa mlangoni pa kinyozi, suti i mikononi mwake kama mtoto mchanga. Alipowaona aliitupa kwenye benchi, akamkumbatia Gershom bila kujali maji.

"Chukua suti yako, Baba Sidi. Mume wangu ana tumbo; imemgomea hata mkono mmoja." Kisha akamvuta Mbeyu pembeni, sauti akaishusha. "Leo asiachwe peke yake hata dakika moja. Nami nitakuja kulala kwenu. Na kesho kutwa, zahanati ikifunguliwa, tunampeleka kwa yule muuguzi wa ushauri. Mimi mama yangu alipokufa nilikwenda pale. Nilikuwa siwezi hata kusonga ugali."

"Hukuniambia, Nafula."

"Ningekuambia vipi, na mlangoni kwako ulikuwa umepiga marufuku habari za kufiwa?"

Mbeyu aliinamisha kichwa. Lilikuwa somo, akalipokea.

Gershom alikalishwa kitini. Tinga alimfunga kitambaa shingoni, akachanganya sabuni, akaipaka ile nusu ambayo wembe haukuwa umeifikia. Wembe ulianza kushuka. Nywele za matanga zikaanza kuanguka sakafuni.

Mbeyu aliketi kwenye benchi, pembe ya kanga ingali kiganjani mwake.

"Wakumbuka Matthew alivyoiba vitumbua siku ya kipaimara chake?" alisema. Alilitaja jina lile bila kulinong'ona. "Akavitia mfuko wa suruali nyeupe, na askofu akaliona lile doa la mafuta?"

Gershom alitazama kioo.

"Alisema ni mafuta ya upako," alijibu.

Tinga alicheka kwa pua. Nafula alicheka ingawa hakuwapo. Kwa kitambo kidogo kile chumba kilikuwa na watu watano, na yule wa tano hakumtisha mtu.

Kisha uso wa Gershom ukajifunga tena.

"Hamjui yote," alisema.

"Sema," Mbeyu alimwambia. "Leo hatufichi kitu."

"Nilipopiga simu asubuhi ile, hakupokea Matthew."

"Alipokea nani?"

"Mwanamke."

Mbeyu alidhani hakusikia vizuri. Matthew hakuwa na mke. Matthew hakuwahi kuwaletea hata mchumba.

"Mwanamke yule alikuwa akilia," Gershom aliendelea, macho yake yakiwa kiooni. "Akaniambia, 'Kaka, wewe ndiye mkubwa wake, mzuie. Nakusihi, leo asiende kazini.' Nilidhani ni mambo ya mahaba tu. Nikamjibu, 'Mwambie kazi ni kazi, aende.' Nikakata simu." Akamtazama mkewe katika kioo. "Mbeyu, wewe uliomba tu. Mimi nilionywa."

Mbeyu alihisi mzigo ule, waliodhani wameugawanya mwambani, ukiteleza wote tena kwenye bega la mumewe. Akaivuta kanga kwa nguvu.

"Huyo mwanamke ni nani?" aliuliza. "Alijuaje?"

Ndipo alipotambua kwamba wembe umesimama.

Alimtazama Tinga katika kioo. Kinyozi hakuwa ameshangaa. Alikuwa ameogopa.

"Tinga," Mbeyu alisema. "Wewe wamjua."

"Anaitwa Maryanne," Tinga alijibu kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu, sikujua kwamba yeye ndiye aliyepokea simu hiyo. Nilijua tu kwamba alikuwa na Matthew. Tangu mazishi, kila Jumamosi alasiri huja hapa. Huketi hapo hapo ulipoketi wewe. Huniuliza swali lile lile, kisha huenda zake."

"Swali gani?"

"Huniuliza kama mmeshamsamehe."

"Tumsamehe? Sisi? Kwa kosa gani?"

"Sijui, Mbeyu. Akifika hapo hulia, asiweze kuendelea."

Mbeyu alingoja kwa hofu. Alijua kitakachofuata, kwa maana kilikwisha kutokea: Gershom angeinuka, sabuni ikimtiririka sikioni, kichwa kikiwa nusu, aende zake. Akaizungusha pembe ya kanga kiganjani mara nyingine.

Gershom hakuinuka.

"Malizia kichwa changu, mtani," alisema. "Matanga ya mdogo wangu hayajaondoka."

Tinga aliinua wembe.

"Leo ni siku gani?" Gershom aliuliza.

Nafula ndiye aliyejibu, naye alijibu kwa kunong'ona.

"Jumamosi."

Wote waligeuka kuutazama mlango. Nyuma ya pazia, kwenye kizingiti, palikuwa na viatu vya kike vilivyosimama kimya, wala hakuna aliyejua vilikuwa vimesimama hapo tangu lini.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke.

Tinga hakuthubutu kuitika. Lakini yule mwanamume wa kitini, aliyekuwa bubu kwa majuma mengi, povu likimchuruzika shingoni na robo ya kichwa ikiwa imebaki, alivuta pumzi akajibu.

"Karibu, Maryanne," Gershom alisema. "Ingia utwambie."